Kwa Nini Mafundi Wawili wa Kazi Moja Hawalipwi Sawa

Bwana Mhariri ameniomba niandike somo la uchumi katika gazeti letu la muhula huu, nami nimechagua jambo ambalo sisi wa kidato cha nne hulijadili bwenini usiku baada ya taa kuzimwa, mpaka kiranja aje kutunyamazisha. Jambo lenyewe ni hili: je, mtu hulipwa kwa kile anachokijua, au hulipwa kwa karatasi aliyo nayo? Wako wasemao kwamba cheti ndicho kila kitu. Wako wengine, hasa wale ambao hesabu zimewashinda, wasemao kwamba cheti si kitu, na kwamba matajiri wa Kariakoo hawakusoma. Nimewasikiliza wote kwa muda wa miaka minne, na sasa naomba nafasi niseme langu.

Tuanze hapa hapa shuleni, na walimu wetu wataniwia radhi. Serikali huwapanga walimu katika ngazi za mishahara zenye herufi. Mwalimu wa stashahada aanzapo kazi huwekwa katika ngazi ya TGTS C, na mwalimu wa shahada katika TGTS D, ambayo ni kubwa zaidi. Basi yawezekana walimu wawili wakaajiriwa siku moja, wakapelekwa shule moja, wakagawana mikondo ya kidato kimoja, huyu akifundisha mkondo wa A na yule mkondo wa B, somo lile lile kwa kitabu kile kile, na mwisho wa mwezi wasipokee sawa. Yawezekana tena wanafunzi wa yule mwenye mshahara mdogo wakafaulu kuliko wa mwenziwe, na mishahara isitikisike hata kidogo. Je, hiyo ni dhuluma? Kabla ya kujibu yatupasa kujua kwanza kwa nini elimu hulipwa.

Mtu mmoja wa Scotland, Adam Smith, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa. Alimfananisha mtu aliyefunzwa kazi kwa muda mrefu na kwa gharama nyingi na mashine ya bei kubwa. Mwenye kununua mashine hutazamia kwamba kabla haijachakaa itakuwa imemrudishia fedha zake pamoja na faida; vivyo hivyo mwenye kujifunza kazi ngumu hutazamia mshahara uzidi wa kibarua wa kawaida, kwa kiasi cha kumrudishia gharama ya kujifunza. Kama usingezidi, nani angejisumbua? Watu wote wangekwenda kubeba zege siku ile ile wanayomaliza shule, na mafundi wangekwisha nchini.

Lakini gharama ya kujifunza ni nini hasa? Hapa wengi hukosea, na mimi nilikosea pia mpaka nilipokaa na kalamu. Tuseme vijana wawili wamemaliza kidato cha nne siku moja. (Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu.) Wa kwanza anakwenda kuwa saidia fundi kwenye majengo, anapata shilingi 150,000 kwa mwezi. Wa pili anaingia chuo cha ufundi miaka 2, na ada yake, vifaa na nauli, vyote pamoja, ni shilingi 400,000. Ukimwuliza mtu yeyote kijana wa pili ametumia kiasi gani katika kujifunza, atakujibu shilingi 400,000. La hasha! Katika miezi ile 24 angaliweza kupata shilingi 150,000 kila mwezi kama mwenziwe, yaani shilingi 3,600,000, naye hakuzipata. Hizo nazo amezilipa. Kwa hiyo gharama yake ni shilingi 4,000,000, na ada ya chuo ni sehemu ndogo tu ya jumla hiyo.

Tuendelee. Kijana wa pili anatoka chuoni, anapata kazi ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Anamzidi mwenziwe kwa 100,000. Itamchukua miezi 40, yaani miaka 3 na miezi 4, kurudisha zile milioni nne, na baada ya hapo ndipo faida inaanza. Si vibaya, kwa mtu mwenye miaka thelathini au arobaini ya kazi mbele yake. Lakini tuseme ametoka chuoni akakaa miezi 20 bila kazi yoyote. Hapo amepoteza shilingi 3,000,000 nyingine. Jumla inakuwa 7,000,000, na miezi ya kuzirudisha inakuwa 70, ambayo ni karibu miaka 6. Mafunzo ni yale yale na mshahara ni ule ule, ila kule kukaa kumekaribia kuiongeza maradufu safari yake.

Nimeyarefusha haya makusudi, kwa sababu twawasikia watu wakiwasema wazazi wa vijijini kwamba hawapendi elimu. Mzazi ambaye mwanawe angeweza kuleta nyumbani unga na sukari mwezi huu, naye akaambiwa angoje miaka miwili ya chuo na pengine miezi ishirini ya kutafuta kazi, anaposita si mjinga wala si adui wa elimu. Amepiga hesabu ile ile niliyoipiga mimi, ila yeye hakutumia karatasi.

Sasa niingie katika lile jambo la cheti. Ninaye mjomba huko Tanga ambaye ni fundi umeme wa majumbani. Alimaliza darasa la saba, akaenda kushika bisibisi chini ya fundi mmoja mzee, akakaa naye miaka minne bila mshahara ila chakula cha mchana na nauli. Leo mkono wake ni mwepesi ajabu. Huchimba ukuta, hulaza bomba, huvuta waya na kufunga soketi kwa siku tatu katika nyumba ambayo wengine wangeifanya kwa juma zima, na swichi zake zote hukaa sawa kama zimepimwa kwa rula. Likizo ya Juni nilikwenda naye kazini kubeba ngazi.

Kwa sheria, mwenye kufunga umeme katika nyumba sharti awe na leseni ya EWURA, na TANESCO kabla ya kuunganisha umeme hutaka fomu iliyojazwa na kugongwa muhuri na mwenye leseni hiyo. Mjomba hana leseni, kwa kuwa hana cheti cha kuombea leseni. Basi nyumba ilipokwisha, alichukua fomu akaipeleka kwa mtu mmoja mwenye leseni, ambaye hakufika kwenye nyumba ile hata siku moja, naye akagonga muhuri. Katika shilingi 300,000 za kazi yote, shilingi 100,000 zilibaki kwa mwenye muhuri. Niliona uchungu sana. Tulipokuwa tunarudi nilisema, "Mjomba, huyu bwana anakunyonya. Hakupanda hata ngazi!"

Mjomba akacheka. "Mjomba, wewe unaona muhuri. Mimi naona miaka yake ya chuo, naikodi kwa siku moja tu. Mimi wakati ule nilikuwa nakula ugali wa mzee bure."

Nililala na maneno yale. Siku hiyo niliamini kabisa kwamba cheti ni ua tu uliojengwa ili wenye cheti wale mlo wa wasio nacho. Yuko mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Michael Spence, ambaye mwaka 1973 aliandika jambo linalokaribiana na hilo. Alisema kwamba mwajiri hawezi kumfungua mtu kifua akaona uwezo wake, basi hutazama alama ya nje, na shahada ni alama mojawapo. Na kwamba alama hiyo yaweza kumpatia mtu mshahara mkubwa hata kama masomo yenyewe hayakumwongezea chochote, mradi tu kuipata ni rahisi kwa mwenye uwezo na vigumu kwa asiye nao. Kwa kazi yake juu ya mambo haya alikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Kama ningaliishia hapo, makala haya yangalikuwa mafupi, na kiranja angeshukuru.

Lakini juma la pili mjomba aliitwa katika nyumba nyingine aliyoifanya mwaka uliotangulia. Soketi za jikoni zilikuwa zimeungua, ukuta umekuwa mweusi, na harufu ya plastiki ilikuwa bado imo ndani. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza hita ya maji ya kuogea, akaiunga kwenye waya wa soketi. Breka ikawa inaruka kila mara, akamwita mjomba alalamike. Na mjomba, ili kumwondolea adha, alitoa breka ya ampea 20 akaweka ya ampea 40. Haikuruka tena.

Nilichukua kipande cha mfuko wa saruji nikapiga hesabu tuliyofundishwa katika fizikia. Hita wati 4,500, birika la umeme wati 2,000, pasi wati 1,000. Jumla wati 7,500. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 32 na kitu. Waya uliokuwa ukutani ulikuwa wa milimita mbili na nusu, ambao ukiwa ndani ya bomba hubeba ampea ishirini na kidogo tu. Ile breka ndogo ilikuwa inaruka kwa sababu ilikuwa inasema kweli. Breka kubwa iliwekwa ili inyamaze, na waya ukaachwa ubebe mpaka ukaungua.

Mjomba aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Kumbe ni kugawanya tu? Miaka yote hii, mjomba, ni kugawanya tu?"

Alinunua waya mpya, soketi na rangi kwa fedha zake mwenyewe, akafanya kazi siku mbili bure. Faida ya mwezi ule ikaisha. Watoto walikuwa wanalala katika chumba kinachopakana na jiko lile, na tangu siku hiyo mjomba hapendi nilitaje jambo hili mezani. Ameniruhusu kuliandika kwa sharti nisimtaje jina.

Basi nikalazimika kuyapima upya mawazo yangu. Mkono wa mjomba ulijua namna ya kufunga. Haukujua kwa nini. Yule mzee aliyemfundisha alimpa yote aliyokuwa nayo, na hesabu hakuwa nayo. Kumbe cheti kile alichokosa hakikuwa ua mtupu, ndani yake kulikuwa na kugawanya wati kwa volti. Lakini tusimwachie mwenye muhuri atoke salama: yeye aliyajua yote hayo, akayauza kwa wino bila kufika kutazama. Mwenye nyumba alilipia ujuzi ambao haukufika nyumbani kwake. Mmoja alikuwa na mkono bila karatasi, mwingine alikuwa na karatasi akauacha ujuzi wake nyumbani, na moto uliingia kati yao.

Msomaji ataniuliza, "Kisa cha mjomba mmoja ni ushahidi gani?" Ni swali la haki. Kwa bahati njema jambo hili limekwisha kupimwa kwa watu wengi, tena hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1980 wataalamu wawili, John Knight na Richard Sabot, walifanya uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mshahara katika miji ya Nairobi na Dar es Salaam, na kitabu chao kikatoka mwaka 1990. Walichagua Kenya na Tanzania kwa sababu nchi hizi mbili ni majirani na zinafanana kwa mengi, lakini baada ya uhuru zilishika njia mbalimbali katika elimu. Kenya ilipanua shule za sekondari upesi, wananchi wenyewe wakijenga nyingine nyingi za Harambee. Tanzania iliweka nguvu katika elimu ya msingi kwa wote, na sekondari ikawekwa kwa kipimo cha kazi zilizotazamiwa kupatikana serikalini na katika mashirika, hata ikawa mwaka 1980 vijana waliokuwamo sekondari hawakufika watano katika kila mia wa umri huo.

Wataalamu hawa hawakuuliza watu miaka yao ya shule na mishahara yao tu. Waliwapa baadhi yao mitihani. Mmoja ulikuwa wa akili ya kuzaliwa: mtu anaonyeshwa mchoro uliokosa kipande, achague kipande kinachofaa, mtihani huo hauhitaji kujua kusoma. Mwingine ulikuwa wa kusoma na kuhesabu. Kisha wakatazama ni kipi kinachokwenda pamoja na mshahara zaidi. Ikaonekana kwamba ile akili ya michoro peke yake iliongeza mshahara kidogo tu. Miaka ya kukaa darasani yenyewe iliongeza kiasi. Lakini kujua kusoma na kuhesabu kwa kweli, kama mtihani ulivyoonyesha, ndiko kulikoongeza zaidi. Tena haikuwa kwa makarani peke yao, bali hata kwa wafanyakazi wa mikono. Maana yake ni kwamba waajiri wa Nairobi na Dar es Salaam, pamoja na kupenda kwao vyeti, baada ya muda waliwatambua wenye kujua na wasiojua, wakawalipa mbalimbali. Waliomaliza kidato cha nne na vichwa vitupu hawakupata walichopata wenzao waliomaliza na kitu kichwani.

Kwa sisi tunaokariri majibu ya mitihani iliyopita usiku wa manane, habari hii si nzuri.

Sharti niseme pia kwamba uchunguzi ule uliwahusu watu wa mshahara mjini. Mkulima, mvuvi, na fundi wa kujitegemea kama mjomba wangu hawakuwamo, nao ndio wengi.

Jambo la pili waliloliona lilihusu kuteremka kwa thamani ya cheti. Nairobi, waliomaliza sekondari mapema walipata kazi za ukarani. Waliomaliza baadaye, walipokuwa wamekwisha kuwa wengi, walikubali kazi ambazo zamani zilifanywa na watu wa darasa la saba. Cheti hakikubadilika hata herufi moja, ila foleni ndiyo iliyokuwa ndefu. Sisi hapa Tanzania twajua jambo hili kwa macho yetu. Babu wa rafiki yangu alimaliza darasa la nane mwaka 1961 akaajiriwa kuwa karani bila kutafuta sana. Tangu mwaka 2004 zilianza kujengwa shule za sekondari katika kata nyingi, na tangu Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa katika shule za serikali. Ni heri kubwa, na mimi nisingekuwa naandika haya bila hilo. Lakini mwenye cheti cha kidato cha nne leo hawezi kutazamia kiti cha yule babu.

Wengine hutoka hapo wakasema, basi elimu imekuwa bure. Hapana. Kinachopungua ni ile nafasi ya pekee ambayo cheti kilimpa mtu kwa sababu wenzake hawakuwa nacho. Kile anachokijua hakipungui kwa sababu jirani naye anakijua. Kama mafundi wote wa Tanga wangejua kugawanya wati kwa volti, mjomba asingepata mshahara wa ajabu kwa kujua hilo, lakini nyumba za Tanga zisingeungua.

Sasa, nani alipie mafunzo ya ufundi? Mtaalamu mwingine wa Marekani, Gary Becker, katika kitabu chake cha mwaka 1964, alitofautisha ujuzi wa aina mbili. Uko ujuzi unaofaa mahali pamoja tu, kama vile kuendesha mashine ambayo kiwanda kimoja peke yake kinayo. Huo mwajiri atakubali kuulipia, kwa kuwa mtu hawezi kuuhamisha. Uko na ujuzi unaofaa kila mahali, kama kuchomelea vyuma au kufunga umeme. Huo mwajiri husita, kwa sababu akishamfunza kijana kwa gharama zake, mwajiri jirani atamwongezea shilingi elfu ishirini amchukue. Kwa hiyo mwanafunzi wa ujuzi wa aina hiyo hulipia mwenyewe, na kama hana fedha hulipia kwa kufanya kazi kwa ujira mdogo au bila ujira. Niliposoma hayo nilimkumbuka mjomba na ile miaka minne ya chakula cha mchana. Ugali ule haukuwa wa bure hata kidogo. Aliununua, kwa bei kubwa, wala hakuna aliyemwandikia risiti.

Ndiyo sababu serikali nyingi huingia kati. Kwetu, sheria ya mwaka 1994 ilianzisha VETA, na waajiri hutozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi kwa kipimo cha mishahara wanayolipa. Ilikuwa asilimia 6 hapo zamani, ikateremshwa mara kwa mara, na mwaka 2023 ikafika asilimia 3.5. Hivyo kila mwajiri anayetozwa huchangia, na yule anayeiba mafundi wa jirani hatoki bure kabisa. Januari 2024 ulianza pia mkondo wa amali katika baadhi ya shule za sekondari, na wadogo zetu waliomo humo watasoma ufundi pamoja na masomo mengine. Sisi wa kidato cha nne tumepitwa na gari hilo.

Nitaje neno moja dogo kwa wazazi, kwa kuwa nimeona likiwachanganya. Katika majaribio ya ufundi ya zamani, daraja la III lilikuwa la chini na la I la juu. Katika mfumo wa sasa wa VETA, hatua ya I ndiyo ya chini na ya III ndiyo ya juu. Mzee mwenye daraja la I la zamani akikutana na kijana mwenye hatua ya I ya sasa, wasidhani kwamba wako sawa. Na mwajiri asiyejua jambo hili aweza kumdhulumu mmoja wao.

Lililo muhimu zaidi kwa watu kama mjomba ni ule utaratibu wa kutambua ujuzi alioupata mtu nje ya darasa, ambao watu huuita urasimishaji ujuzi. Fundi wa mtaani huenda VETA, hutazamwa akifanya kazi, huulizwa maswali, na pale anapopungukiwa hupewa mafunzo mafupi. Akifaulu hupewa cheti bila kurudishwa darasani miaka miwili. Rudini katika ile hesabu yangu ya mwanzo muone maana yake. Mtu mwenye mke na watoto watatu hawezi kuacha kazi miezi 24, lakini anaweza kuacha siku chache. Gharama iliyo kubwa kuliko ada imeondolewa karibu yote.

Mjomba alikwenda. Nilimsindikiza kwa barua tu, maana shule ilikuwa imefunguliwa. Niliandika kurasa sita juu ya ampea, volti na wati, na unene wa waya kwa kila kazi, nikamchorea na michoro. Shangazi aliniambia kwamba alikuwa akizisoma usiku kwa taa ya simu, akipiga hesabu za vifaa vyote vilivyomo nyumbani, hata redio. Kwa upande wa mikono hakuulizwa mara mbili. Kwa upande wa kupima na kukokotoa alipewa mafunzo, na mwisho akapata cheti cha hatua ya kwanza.

Leseni bado hana, na fomu zake bado zinagongwa muhuri na mtu mwingine. Lakini mambo mawili yamebadilika. Kampuni moja ya ujenzi ambayo zamani ilimwita kibarua wa siku, sasa imemwandika fundi, na malipo yake ya siku yamepanda, ingawa mkono ni ule ule uliokuwa ukifanya kazi hiyo hiyo mwaka jana. Hapo karatasi ndiyo iliyolipwa, nakiri. Na la pili ni kwamba amekataa kazi moja: mwenye nyumba alimtaka abadilishe breka inayoruka aweke kubwa, mjomba akamwambia alete kwanza fedha za waya mpya, wakakosana. Siku ile alipoteza shilingi 15,000. Hilo halikuandikwa katika cheti chochote.

Nami nimekwisha kujaza fomu yangu ya Selform. Katika nafasi ya kwanza nimeandika chuo cha ufundi, umeme, na kidato cha tano nimekiweka baadaye. Mwalimu wetu wa fizikia hakusema kitu, alitikisa kichwa tu akaweka sahihi. Mama hajapendezwa. Aliniuliza katika simu kwa nini mtoto aliyefika kidato cha nne atake kwenda kupanda ngazi kama mjomba wake. Nilimwambia nitamweleza vizuri likizo ya Desemba, mitihani ikiisha, na nimemwomba mjomba awepo siku hiyo.